Gia ya tano kwenye Chevelle ya 1970: niliyojifunza chini ya gari

Barabara ya I-69 inatoka Indianapolis ikipanda kaskazini-mashariki hadi Fort Wayne, na njiani, upande wa mashariki wake, kuna mji unaoitwa Muncie. Nje ya mji magari madogo yanaruhusiwa maili 70 kwa saa, sawa na kilomita 113 hivi. Kwa gari langu, Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970, mwendo huo ulikuwa mateso. Injini yake, V8 ya inchi za ujazo 350, ilikuwa ikizunguka mara 3,370 kila dakika, safari nzima, bila nafuu. Mimi na mke wangu tulikuwa tukizungumza kwa kupaza sauti, kisha tunachoka, tunanyamaza hadi tufike.

Mimi ni mtu wa Changamwe, Mombasa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa utingo wa lori la mizigo, Mombasa hadi Malaba, na huko ndiko nilikojifunza kusikiliza injini kabla ya kuigusa. Leo ninaendesha lori hapa Indiana. Lori la kazini lina gia nyingi, na za juu kabisa zinaiacha injini ipumue barabara ikinyooka. Ndiyo maana kila nilipoingia kwenye Chevelle mkono wangu ulikuwa ukitoka gia ya nne ukitafuta nyingine ya mbele. Haikuwepo.

Magari haya yalitengenezwa hivyo kwa makusudi. Mwaka 1970 mafuta Marekani yalikuwa rahisi, na sifa ya gari la aina hii ilikuwa kuruka kutoka taa nyekundu hadi robo maili mbele. Giaboksi yangu ya asili ni Muncie M20, iliyopewa jina la mji uleule ulio kando ya I-69, kwa kuwa ilikuwa ikitengenezwa kwenye kiwanda cha General Motors cha huko, tangu 1963 hadi 1974. Ina gia nne: 2.52, 1.88, 1.46, na ya nne ni moja kwa moja, yaani krenki, shafti kuu ya injini, ikizunguka mara moja, propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, nayo inazunguka mara moja. Ovadraivu ni gia iliyo chini ya moja. Ukiona 0.68, maana yake injini inazunguka mara 68 huku propela ikizunguka mara 100. Injini inatembea, gari linakimbia.

Mwenye gari aliyenitangulia alikuwa amefunga difu (gia za ekseli ya nyuma) ya 3.73, yaani propela inazunguka mara 3.73 magurudumu yakizunguka mara moja, inayoondoa gari kwa nguvu sana. Watu wengi walinishauri niibadilishe difu tu, niweke yenye namba ndogo, kazi iishe. Ni kweli ingepunguza kelele barabarani, lakini ingepunguza nguvu katika kila gia, na gari la namna hii likiondoka kizembe limepoteza roho yake. Nilitaka vyote viwili. Basi nikaanza kuweka akiba, na baada ya mwaka na zaidi nikanunua giaboksi mpya ya gia tano, Tremec TKX. Tremec ni kampuni ya Meksiko, ya mji wa Querétaro, na hii TKX waliibuni ikiwa na umbo dogo ili iingie kwenye magari ya zamani bila kuhitaji kukatwa sana sakafu. Ilinigharimu zaidi ya dola 3,000. Mtu akikuambia utazirudisha kwa kuokoa petroli, msikilize kwa adabu, lakini usiziingize hesabu hizo kwenye bajeti ya nyumba.

Hesabu niliyoifanya kwa makini ni ya gia ya kwanza, na hapa naona wengi wanakosea. Kila mtu anaiangalia gia ya tano kwa sababu ndiyo anayoitamani. TKX inauzwa kwa mpangilio tofauti wa gia. Upo wenye gia ya kwanza ya 3.27 na upo wenye 2.87. Zidisha na difu uone. Muncie yangu ilikuwa 2.52 mara 3.73, ambayo ni 9.4. Ya 2.87 inatoa 10.7. Ya 3.27 inatoa 12.2, na hiyo kwa difu yangu ingekuwa gia ya kung'oa visiki: hujamaliza kuvuka makutano tayari unatafuta ya pili. Mwenye difu ya 3.08 angeipenda sana. Mimi nikachukua 2.87 yenye gia ya tano ya 0.68. Kwa maili 70 injini ingeshuka kutoka 3,370 hadi karibu 2,290. Injini yangu haina kemshafti (shafti inayofungua vali) kali, kwa hiyo nilijua itakubali kuvuta kwa mizunguko hiyo. Yenye kemshafti ya mashindano ingekuwa inakohoa.

Kabla sijafungua bolti hata moja niliweka nadhiri. Giaboksi za Muncie za miaka ile zimegongwa namba zinazolingana na namba ya gari lenyewe. Yangu inalingana. Gari lililokaa na giaboksi yake zaidi ya miaka hamsini lina heshima yake, nikasema sitaharibu chochote kisichoweza kurudishwa: sitakata sakafu, sitatoboa chesisi. Nadhiri ilikuwa njema. Ila baadaye ilinipeleka kubaya, nami nitaeleza.

Kushusha giaboksi ya zamani kulichukua jioni mbili. Gari lilikuwa juu ya stendi nne za chuma, si juu ya jeki. Chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake siingii, nilishaona Mariakani kitu ambacho sitaki kukiona tena. Klachi pleti niliyoikuta, ile sahani inayounganisha injini na giaboksi, ilikuwa karibu mpya, na iliniuma kuiacha, kwa sababu shafti ya Muncie yangu ina meno 10 na ya TKX ina meno 26. Haziingiliani. Bushi ndogo iliyoko nyuma ya krenki, ile inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, niliing'oa kwa mkate. Unalowesha mkate kwa maji, unaujaza kwenye tundu, unaingiza chuma cha mviringo kinachobana na kukigonga kwa nyundo. Mkate unakosa pa kwenda, unaisukuma bushi nje kutoka nyuma. Ni ufundi niliouona Changamwe, ila huko tulitumia magazeti yaliyolowa.

Hapo ndipo jirani yangu aliponisimamisha. Ni mzee aliyefanya kazi ya kuchonga gia huko Muncie kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Namwita Mzee, kwa Kiswahili, naye amelizoea jina hilo kiasi kwamba mkewe pia anamwita hivyo. Alikuja na kikombe cha kahawa, akatazama giaboksi mpya iliyokuwa juu ya meza, akaniuliza kama nimelipima ganda la klachi.

Ganda la klachi ni lile la alumini lenye umbo la kengele, linalofungwa nyuma ya injini, kisha giaboksi inafungwa kwake. Katikati lina tundu la duara ambamo giaboksi inakaa. Mimi nilidhani kwa kuwa limetengenezwa na kiwanda na linafungwa kwa bolti sita, basi limekaa sawa. Mzee alitikisa kichwa. Akaniambia ganda linakaa juu ya pini mbili zilizogongwa kwenye injini, na pini hizo ndizo zinazoamua kama kitovu cha tundu kinatazamana na kitovu cha krenki. Giaboksi za zamani zilivumilia kupinda kidogo. Hizi mpya hazivumilii. Na ganda langu, ukitazama namba zake, halikuwa la injini hii. Mtu alilitoa gari jingine.

Aliniazima saa ya kupimia, ile ya wachonga vyuma yenye sindano inayosoma sehemu moja ya elfu ya inchi. Tuliishika kwa sumaku kwenye flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki, ncha ya saa ikagusa ukingo wa ndani wa tundu, kisha nikaizungusha krenki kwa mkono, polepole, robo kwa robo. Sindano inapanda, inashuka. Kati ya kusoma kwa juu kabisa na kwa chini kabisa kulikuwa na elfu 26, yaani sehemu 26 za elfu moja ya inchi. Kitovu kinakuwa kimehama nusu ya hiyo, elfu 13 za inchi, theluthi moja tu ya milimita. Kwa giaboksi hizi sindano haitakiwi kutembea zaidi ya elfu 5.

Theluthi moja ya milimita! Kwa macho huioni, kwa kidole huihisi. Lakini shafti ingeingia kwenye krenki ikiwa imelazimishwa, na kila mzunguko ingekuwa inaikwaruza ile bushi upande mmoja. Baada ya miezi michache ningekuwa na gia inayokataa kuingia injini ikiwa juu, beringi ya mbele inalia, na ningeilaumu giaboksi iliyotoka kiwandani ikiwa nzima. Nadhani giaboksi nyingi zinazorudishwa kwa wauzaji kwa hasira hazikuwa na kosa lolote.

Dawa yake ni pini zilizochongwa zikiwa zimehama katikati, na zinapatikana za elfu 7, elfu 14 na elfu 21. Nikaagiza za 14. Ukizigonga unaweza kuzizungusha kwa bisibisi ili kuhama kwake kuelekee unakotaka, lakini zote mbili lazima zielekee upande mmoja, la sivyo ganda haliingii. Jumamosi nzima ilikwenda kwa kazi hiyo: funga ganda, pima, fungua, zungusha pini, funga, pima. Saa kumi za jioni sindano ilitembea elfu 4 tu kwa mzunguko mzima. Mzee aliisoma mwenyewe kwa miwani yake, akarudi kwake bila kusema neno.

Kuifunga giaboksi yenyewe ilikuwa kazi nyepesi baada ya hapo. Nilichukua bolti mbili ndefu nikakata vichwa vyake, nikazifunga kwenye ganda ziwe reli za kuongoza. Giaboksi ikateleza juu yake hadi ikakaa. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wanaivuta kwa bolti pale inapogoma sentimita mbili za mwisho. Ikigoma, kuna kitu hakijalingana. Ukikaza bolti utapasua masikio ya giaboksi. Wala usiiache ikining'inia kwenye klachi pleti huku ukienda kutafuta spana, kwa maana uzito wake wote unaipinda ile pleti.

Sasa ile nadhiri. Giaboksi ilipokaa, mgongo wake uliigusa sakafu mahali pamoja, karibu na mkono wa gia, pale ambapo sakafu ina nundu. Ilihitaji nafasi ya kidole. Kwa kuwa niliapa sitaigusa sakafu, nikaweka vipande vya chuma kati ya chesisi na ile boriti inayobeba mkia wa giaboksi, mkia ukashuka milimita 20. Nafasi ikapatikana. Nilifurahi sana usiku ule. Nikapima urefu wa propela, gari likiwa limekanyaga chini kwa matairi yake na si likining'inia, nikaacha karibu inchi moja ya kuchezea pale propela inapoingia kwenye giaboksi, nikaipeleka ikakatwe na kusawazishwa.

Safari ya kwanza nilikwenda peke yangu. Gia zote ziliingia kama kisu kwenye siagi iliyoachwa juani. Nikaingia I-69, nikaweka ya tano, sindano ya mizunguko ikaanguka, na kwa muda mfupi nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia ndani ya gari lile: upepo. Kisha, kwenye maili 60, mtetemo ukaanza. Si mkubwa. Ulikuwa mvumo wa chini chini unaopanda kwa miguu na kwenye kiti, unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Nilikuwa tayari kuishusha giaboksi yote upya. Badala yake nikampigia simu fundi wangu wa zamani Changamwe, aliyenifundisha kazi ya malori. Kwao ilikuwa alfajiri, ameshaswali.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Gari gani tena?"

Nikamweleza. Hajawahi kuliona gari la aina hii isipokuwa kwenye picha nilizomtumia, lakini propela ni propela. Aliniuliza maswali mawili. La kwanza: ukiwa mwendo uleule, ukitoka ya tano kuingia ya nne, mtetemo unabadilika? La pili: ukikanyaga klachi ukaliacha gari lijiendee, unaisha? Nikaenda kujaribu, nikampigia tena. Haukubadilika, wala haukuisha.

"Basi injini haimo," akasema. "Wala klachi haimo. Kitu kinachofuata mwendo wa magurudumu kiko nyuma ya giaboksi. Umepima pembe za propela? Krosi hailalamiki bure, mwanangu."

Sikuwa nimezipima. Jambo lenyewe ni hili. Krosi, zile beringi nne za msalaba kwenye ncha za propela, zinapopinda hazizungushi propela kwa mwendo mmoja. Kila mzunguko inaharakishwa mara mbili na kupunguzwa mara mbili. Krosi ya nyuma inafuta kosa la krosi ya mbele, lakini kwa sharti kwamba pembe zao zilingane. Mkia wa giaboksi ukiinama nyuzi tatu, pua ya difu nayo iinuke nyuzi tatu, mistari yao iwe sambamba. Tofauti isipite nyuzi moja. Nilipoweka kipimo cha pembe, giaboksi ilikuwa imeinama nyuzi 4.5 na pua ya difu imeinuka 2.5. Tofauti ya nyuzi mbili, na sehemu kubwa yake niliitengeneza mimi kwa vile vipande vya chuma vilivyonifurahisha.

Kuna jambo jingine hapa ambalo nililielewa polepole. Ovadraivu haipunguzi mzunguko wa propela hata kidogo. Kwa maili 70 propela yangu inazunguka 3,370, ileile ya zamani. Kilichopungua ni injini. Zamani injini na propela zilikuwa zikizunguka sawa, na kishindo cha injini kilifunika kila kitu. Sasa injini imenyamaza, na kila kasoro iliyo nyuma yake inasikika. Kwa hiyo hata mtu ambaye hakushusha mkia anaweza kugundua mtetemo uliokuwepo siku zote. Asidhani giaboksi imeuleta.

Nikatoa viti vya mbele, nikakunja zulia, nikateremsha mkia wa giaboksi, na kwa gogo la mti na nyundo ya kichwa cha mviringo nikaiinua ile nundu kutoka chini, pigo dogo dogo, upana wa kiganja na kina cha kidole. Sikuikata. Lakini hata kama ingelazimu kuikata, siku ile ningeikata. Nilikuwa nimelinda bati lisiloonekana chini ya zulia, nikaiharibu njia ya nguvu ya gari zima, kutoka krenki hadi difu. Vipande vya chuma nikavitoa. Giaboksi ikarudi nyuzi 3.2, tofauti na difu ikawa chini ya nyuzi moja.

Mambo mengine yalikuwa madogo. Mafuta: Muncie inakunywa oili nzito ya gia, TKX inataka ATF, mafuta ya giaboksi za otomatiki, ile nyepesi nyekundu, na mazoea ya mkono yangenifanya nimimine ileile ya zamani kama nisingesoma karatasi. Mita ya mwendo ilisoma juu kidogo kuliko simu, nikabadilisha kigia cha plastiki cha kebo, ikakubali. Maili 500 za mwanzo niliziendesha kwa upole, kama inavyotakiwa, bila kuvuta gia hadi mwisho. Giaboksi ya Muncie nimeisafisha, nimeipaka oili, imo kwenye sanduku la mbao pamoja na propela yoki yake (kile kichwa cha propela kinachoingia kwenye giaboksi), klachi pleti na kila bolti iliyotoka nayo. Atakayelirithi gari akitaka kuirudisha, hatakosa hata washa moja ya bolti.

Mwezi uliopita nilimchukua Mzee tukaenda Muncie. Alinionyesha mitaa aliyoishi na mahali alipokuwa akipanga foleni ya kuingia zamu ya usiku. Wakati wa kurudi aliomba ufunguo. Aliendesha kwa mikono miwili hadi tulipoingia I-69, akapanda ya pili, ya tatu, ya nne, kisha mkono wake ukabaki juu ya gia kwa muda, kama mtu anayefikiri. Akaisukuma ya tano. Hakusema kitu kwa maili kadhaa. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa dirisha, anasikiliza.

Tulipofika nyumbani alinirudishia ufunguo, akaniambia gia zimekaa vizuri, lakini rilizi beringi, ile inayoisukuma klachi iachie, inalia kidogo pale klachi inapoanza kukanyagwa, na nisiingie nayo majira ya baridi. Nilikuwa sijaisikia. Nilirudi garini peke yangu, nikazima redio, nikakanyaga klachi taratibu. Inalia kweli. Beringi mpya imeshafika, na Jumamosi hii gari linarudi kwenye stendi.